Karatasi Iliyoiga Kitambaa: Historia ya Karatasi za Ukutani kupitia Majina Yake

Wafaransa huiita «papier peint», maana yake karatasi iliyopakwa rangi. Wahispania husema «papel pintado», maana ni ileile. Lakini karatasi hiyo, kwa sehemu kubwa, haikupakwa rangi na mtu mwenye brashi: imepigwa chapa. Wajerumani huiita «Tapete», neno ambalo asili yake ni zulia. Waholanzi husema «behang», yaani kitu cha kutundika, ingawa hakitundikwi popote, hubandikwa kwa gundi. Warusi husema «oboi», neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuvika kitu kwa kupigilia misumari, na hakuna msumari hata mmoja. Lugha tano zimekipa kitu kimoja jina, na majina yote matano yanasema jambo ambalo kitu chenyewe hakilifanyi.

Mimi ninasoma lugha za Kiafrika, na habari hii nimeifikia kwa njia ya istilahi. Hapa Kongo vitu vingi vya nyumbani hutufikia vikiwa vimevaa Kifaransa: tunasema rido, tunasema plafo, tunasema tapi. Mtu akitaka kuandika kamusi ya ujenzi au ya mapambo ya nyumba kwa Kiswahili, njia ya haraka ni kulichukua jina la Kifaransa, kulikata vipande na kukitafsiri kila kipande. Kwa njia hiyo «papier peint» litakuwa «karatasi iliyopakwa rangi», na kazi itaonekana imekwisha. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba haijaisha. Jina la kitu ni kama picha iliyopigwa siku moja tu katika maisha marefu ya kitu hicho. Anayelitafsiri jina bila kuijua historia yake anatafsiri kumbukumbu ya watu wengine, na huenda kumbukumbu hiyo haitufai.

Ukuta ulivaa nguo kwanza

Ili kuelewa majina hayo yalikotoka, tuanze na nyumba za matajiri wa Ulaya kabla ya karatasi. Zilikuwa za mawe, na wakati wa baridi mawe hayo huwa kama barafu. Mwenye mali alizivika kuta zake vitambaa vizito vilivyofumwa kwa sufu au hariri, mahameli kutoka Italia, au ngozi iliyopambwa kwa rangi na dhahabu. Vitu hivyo vilitundikwa au kupigiliwa misumari, na mwenye nyumba akihama aliweza kuvishusha na kwenda navyo.

Hapo ndipo penye chimbuko la majina yetu. «Tapete» limetoka kwenye neno la Kilatini, nalo limetoka Kigiriki, lenye maana ya zulia au kitambaa cha kutandika. «Tapis» na «tapisserie» za Kifaransa ni ndugu zake wa karibu. Waitaliano husema «carta da parati», karatasi ya vitambaa vya kuvika ukuta. Hata Waingereza, ambao leo husema tu karatasi ya ukuta, zamani biashara yao iliiita karatasi za kutundika. Katika Kijerumani neno halikuhama kabisa kutoka kitambaa kwenda karatasi: husema «Ledertapete» kwa ngozi ya ukutani na «Papiertapete» kwa karatasi. Kwao «Tapete» ni vazi la ukuta, liwe limetengenezwa kwa kitu gani.

Karatasi yenyewe ilizaliwa China, ikapita kwa Waarabu, ikaingia Ulaya kupitia nchi kama Hispania na Italia. Ilipopatikana kwa wingi, na ufundi wa kupiga chapa ulipoenea, wasiokuwa na fedha za kununua mahameli walipata njia ya kuiga.

Mfano mmoja wa zamani sana uligunduliwa mwaka 1911 katika Christ's College, chuo kimoja cha Cambridge nchini Uingereza. Mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba ya mkuu wa chuo walikuta vipande vya karatasi vimebandikwa kwenye mbao za dari. Upande mmoja una pambo kubwa linalofanana na komamanga, limenakiliwa kutoka kwenye vitambaa vya thamani vya wakati ule. Upande wa pili ni karatasi zilizokwisha kutumika, na mojawapo inahusu kutawazwa kwa mfalme Henry VIII mwaka 1509. Katikati ya pambo kuna herufi ya H na picha ya bata bukini. Wataalamu wengi huona hapo sahihi ya Hugo Goes, mpiga chapa wa mji wa York, kwa sababu jina lake linakaribiana na jina la ndege huyo kwa Kiingereza. Kwa hiyo kipande hiki kina tangazo la mfalme, nakala ya kitambaa na mchezo wa maneno, vyote kwenye karatasi moja iliyokusudiwa kufunika mbao.

Neno «peint» lilitoka wapi

Nchini Ufaransa karatasi za namna hii zilitengenezwa na watu walioitwa «dominotiers». Walichonga pambo kwenye kibao cha mti, wakakipaka wino, wakakigandamiza juu ya karatasi ndogo. Mistari ilipokauka, rangi ziliongezwa kwa brashi au kwa kutumia karatasi iliyotobolewa. Basi neno «peint» halikuwa uongo siku lilipozaliwa. Mkono wa mtu ulipita juu ya kila karatasi.

Karatasi hizo zilitumika kufunika vitabu na kuvika ndani ya masanduku, na zilibandikwa kwenye kuta za watu wa kawaida. Ugumu ulikuwa kwamba kila karatasi ilisimama peke yake. Sifa ya kuubadilisha utaratibu huo, mwishoni mwa karne ya 17, hupewa Jean Papillon wa Paris: alichonga vibao ambavyo pambo la karatasi moja liliendelea kwenye karatasi ya jirani, juu, chini na pembeni, hata ukuta mzima ukawa kitu kimoja. Mwanawe, Jean-Michel Papillon, aliandika kitabu kikubwa kuhusu uchongaji wa vibao vya mti, kilichotolewa mwaka 1766.

Baadaye karatasi ndogo ziliunganishwa kwanza kwa gundi kuwa kipande kirefu, ndipo zikapigwa chapa. Kwa kipande hicho kirefu kilichozungushwa nitatumia neno «jora», ambalo katika Kiswahili ni la kitambaa. Msomaji ataona kwamba nami nimefanya yaleyale waliyoyafanya Wajerumani na Waholanzi. Karatasi ya ukutani ni vigumu kuizungumzia bila kukopa msamiati wa nguo.

Mahameli isiyo mahameli

Katika karne ya 18 Waingereza walisifika kwa aina moja ya karatasi. Fundi alichapa pambo kwa gundi badala ya wino, kisha akanyunyiza vumbi la sufu lililobaki viwandani. Vumbi lilishika penye gundi tu. Likikauka na mengine kupanguswa, karatasi ilikuwa na manyoya laini kama mahameli. Ilikuwa nafuu kuliko mahameli, na ilikuwa na faida ambayo kitambaa hakikuwa nayo: gundi yake ilitiwa tapentaini, na nondo wanaokula sufu hawaipendi harufu hiyo. Karatasi ya aina hii, yenye pambo kubwa jekundu, iliwekwa katika ofisi za serikali huko Whitehall, London, katika miaka ya 1730. Iliyoiga sasa ikakubalika mahali pa heshima.

Wanafunzi wa Kongo tunao mfano wetu wa kufikiria hapa, ingawa unaelekea upande mwingine. Vitambaa vya Wakuba wa Kasai hufumwa kwa nyuzi za mwale, kisha hutariziwa na nyuzi kukatwa fupi hadi zisimame. Wabelgiji walipoviona waliviita «velours du Kasaï», mahameli ya Kasai. Havina hariri wala sufu, na Wakuba hawakuwa wakiiga mahameli ya mtu. Aliyetoa jina ndiye aliyeona mahameli, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Kwa hiyo jina linaweza kukifanya kitu kionekane nakala hata pale ambapo ni cha asili kabisa. Tofauti hiyo kati ya kuiga na kudhaniwa umeiga haionekani ndani ya neno. Inapatikana kwenye historia.

Kosa jingine la namna hiyo lilitokea upande wa mashariki. Katika karne ya 18 mafundi wa China walichora kwa mkono karatasi ndefu zenye miti, maua na ndege, kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya. Zilisafirishwa kutoka bandari ya Guangzhou. Waingereza waliziita karatasi za India, kwa sababu zililetwa na kampuni yao ya biashara ya India ya Mashariki. Jina halikumtaja aliyechora, lilimtaja aliyebeba. Karatasi hizo zilichorwa kweli kwa brashi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama kuna zilizostahili kuitwa «papier peint», ni hizo. Katika nyumba ya Temple Newsam, karibu na Leeds, ipo karatasi ya China iliyowekwa ukutani katika miaka ya 1820. Mama mwenye nyumba aliona ndege hawatoshi. Akakata picha kutoka kitabu cha ndege wa Amerika cha John James Audubon na kuzibandika katikati ya matawi ya Kichina. Leo kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya bei ghali zaidi duniani.

Kodi, mkate na maneno ya Réveillon

Kitu kilichoanza kama nafuu ya maskini kikawa biashara kubwa, na serikali ikakiona. Mwaka 1712 Uingereza iliweka kodi juu ya karatasi iliyochapwa, kupakwa rangi au kutiwa madoa ya rangi kwa matumizi ya ukutani. Sheria ilitegemea vitenzi hivyo. Basi wapo walionunua karatasi tupu, wakaibandika ukutani, ndipo wakaipamba. Karatasi ilipouzwa haikuwa imefanyiwa chochote kinachotajwa na sheria. Mwaka 1806 kughushi mhuri wa kodi hiyo kuliongezwa kwenye orodha ya makosa ya kunyongwa. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1836.

Nchini Ufaransa maneno yalikuwa na uzito zaidi. Jean-Baptiste Réveillon alikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi za ukutani katika kitongoji cha Saint-Antoine, Paris, chenye wafanyakazi zaidi ya 300, na alipata haki ya kukiita kiwanda cha kifalme. Karatasi yake ilikuwa bora hata ilitumika kwenye puto la Étienne Montgolfier, lililoruka Versailles tarehe 19 Septemba 1783 likiwa limebeba kondoo, bata na jogoo.

Mwezi Aprili 1789, katika mkutano wa wapiga kura wa kitongoji chake, Réveillon alizungumza kuhusu bei ya mkate na mishahara. Yaonekana alitetea kushushwa kwa bei ya mkate, ili mishahara nayo iweze kushuka. Mtaani ilienea sehemu ya pili tu: tajiri wa karatasi anataka kupunguza mishahara, anasema mfanyakazi anaweza kuishi kwa sou 15 kwa siku. Mkate ulikuwa ghali na watu walikuwa na njaa. Tarehe 27 na 28 Aprili umati ulivamia, nyumba yake ikaharibiwa, askari wakafyatua risasi na watu wengi wakauawa. Yeye mwenyewe alikimbilia hifadhi katika gereza la Bastille. Haikupita hata miezi mitatu, Bastille nayo ikaangushwa.

Wengi huisoma habari hii kama utangulizi wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mwanafunzi wa lugha ataiona pia kama somo la semantiki lililogharimu damu: sentensi yenye sehemu mbili ilikatwa, na sehemu iliyobaki ikasikika kama amri. Na tusisahau kwamba nyuma ya maua mazuri ya ukutani walikuwapo watu waliokuwa wakihesabu bei ya mkate wa kesho.

Mandhari: nani amechorwa, na kwa macho ya nani

Mwanzoni mwa karne ya 19 karatasi iliacha kuiga kitambaa, ikaanza kuiga dunia. Viwanda vya Ufaransa vilitoa karatasi za mandhari zilizokizunguka chumba chote bila picha kujirudia. Mwaka 1804 Joseph Dufour wa Mâcon alitoa karatasi yenye majora 20, iliyochorwa na Jean-Gabriel Charvet, kuhusu watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Aliipa jina «Les Sauvages de la mer Pacifique», Washenzi wa Bahari ya Pasifiki. Aliichapishia na kijitabu cha maelezo, akipendekeza kwamba mama aliyekaa nyumbani angeweza kumfundisha bintiye historia na jiografia kwa kutazama ukuta.

Ukuta huo ulifundisha nini? Charvet alitegemea taarifa za safari za James Cook na za wengine. Watu wa Tahiti, Hawaii na Aotearoa alivyowachora wanafanana na sanamu za Ugiriki, wamevaa vitambaa vya kukunjwa kwa madaha na wanacheza ngoma chini ya miti. Kwa mbali, pakiwa padogo sana, Cook anauawa. Jina linasema washenzi, picha inasema Wagiriki, na wenyewe hawapo katika lolote kati ya hayo mawili.

Lisa Reihana, msanii wa Kimaori wa New Zealand, aliichukua karatasi hiyo na kuijibu. Katika kazi yake «in Pursuit of Venus [infected]» ya mwaka 2015, mandhari ya Dufour yanasogea polepole kwenye skrini pana, na ndani yake watu halisi wa Pasifiki wanacheza, wanafanya biashara, wanapigana na kufanya ibada zao. Kazi hiyo iliiwakilisha New Zealand katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2017. Ukuta uliokuwa umewasemea sasa wanauzungumzia wao.

Mfano wa pili ni wa kiwanda cha Zuber, huko Rixheim katika jimbo la Alsace. Mwaka 1834 kilitoa «Vues d'Amérique du Nord», mandhari ya Marekani iliyochorwa na Jean-Julien Deltil. Kuichapa kulihitaji vibao 1,690 na rangi 223. Ndani yake wanaonekana watu weusi waliovaa vizuri, wakitembea mjini kama raia wengine, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa bado haujafutwa. Mwaka 1852 kiwanda kilibakiza milima, maji na anga, kikabadilisha watu wa mbele na kuweka askari wa vita vya uhuru. Mandhari ni ileile, habari ni nyingine, na jina nalo likabadilishwa. Toleo la 1834 liliokolewa kutoka nyumba moja ya Maryland iliyokaribia kubomolewa, na mwaka 1961, wakati wa Jacqueline Kennedy, likawekwa katika chumba cha kupokelea mabalozi ndani ya Ikulu ya Marekani.

Mashine na rangi ya kijani

Kazi ya vibao 1,690 ni ya matajiri. Kilichoipeleka karatasi kwa watu wote ni mashine. Mwaka 1799 Mfaransa Nicolas-Louis Robert alipata hati ya ubunifu wa mashine inayotengeneza karatasi ndefu isiyokatika, hivyo kuunganisha karatasi ndogo kukawa si lazima tena. Mwaka 1839 kampuni ya Potter ya Darwen, Uingereza, ilisajili mashine ya kuchapa kwa silinda, iliyotokana na ile ya kuchapa vitambaa vya pamba. Kwa mara nyingine karatasi ilikopa kwa kitambaa, safari hii mashine yake. Nchini Uingereza uzalishaji ulipanda kutoka majora yapata milioni 1 mwaka 1834 hadi karibu milioni 9 mwaka 1860.

Rangi iliyopendwa sana wakati huo ilikuwa kijani angavu. Mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameitengeneza katika miaka ya 1770 kwa kuchanganya shaba na arseniki, ambayo ni sumu. Kijani kingine chenye arseniki kilifuata. Vyumba vya kulala vilijaa majani ya kijani, na madaktari wakaanza kushuku karatasi pale watoto walipougua. Kabla ya mwisho wa karne, Mwitaliano Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba ukungu unaoota kwenye unyevu unaweza kuitoa arseniki ya rangi hizo hewani kama gesi.

William Morris ndiye jina kubwa la sanaa ya karatasi za ukutani. Alichukia bidhaa hafifu za mashine, akarudia vibao vya mti, na pambo lake la kwanza alilobuni, mwaka 1862, ni «Trellis»: fito za bustani, waridi na ndege. Aliandika na kuhutubia juu ya heshima ya kazi ya mkono. Lakini familia yake ilipata mali kutokana na hisa za mgodi wa Devon Great Consols, mgodi wa shaba uliokuja kuwa mzalishaji mkubwa wa arseniki, na yeye mwenyewe alikaa katika bodi yake hadi mwaka 1875. Uchunguzi wa kikemia uliotangazwa mwaka 2003 ulikuta arseniki katika kijani cha kipande cha zamani cha «Trellis». Morris hakuamini kwamba karatasi zilikuwa zikiwadhuru watu. Msomaji anayeishi katika nchi yenye migodi ya shaba hahitaji kuelezwa kwamba uzuri wa mwisho wa bidhaa hausemi lolote kuhusu alikopita mchanga wake.

Wapingaji na wasanii

Katika karne ya 20 wasanifu wa kisasa waliipinga karatasi ya ukutani. Le Corbusier, katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu sanaa ya mapambo, alitaka kuta zote zipakwe rangi nyeupe. Hata hivyo mwaka 1931 yeye mwenyewe alibuni mkusanyo wa karatasi kwa kampuni ya Salubra ya Uswisi. Alijitetea kwamba Salubra ni rangi ya mafuta inayouzwa kwa majora. Karatasi hiyo ilikuwa kweli imepakwa rangi ya mafuta kiwandani, na jina «papier peint», baada ya miaka mingi ya kutolingana na kitu, likakutana nacho tena. Chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani nacho, pamoja na kampuni ya Rasch, kilitoa karatasi zake mwaka 1929, zenye mistari na vidoto vidogo tu. Zikawa bidhaa iliyouzwa kuliko zote za chuo hicho.

Wasanii nao waliingia. Mwaka 1966 Andy Warhol aliifunika kwa karatasi nyumba ya maonyesho ya Leo Castelli mjini New York: kichwa cha ng'ombe wa waridi kwenye rangi ya manjano, kikijirudia kutoka chini hadi juu. Kwa karne nne karatasi ilikuwa nyuma ya picha. Warhol aliifanya yenyewe kuwa picha.

Basi sisi tuiiteje?

Sasa tunaweza kuyapanga majina. «Peint» ni kumbukumbu ya brashi ya «dominotier». «Tapete», «parati», «behang» na «oboi» ni kumbukumbu ya kitambaa kilichokuwa ukutani kabla ya karatasi. Jina la Kiingereza cha leo ni kumbukumbu ya wakati ambapo kuiga kulikwisha sahaulika, kikabaki kitu na mahali pake. Hakuna jina baya hapo, lakini kila moja ni la watu walioiona siku ile. Sisi hatukuwa na brashi ile wala mahameli ile. «Karatasi iliyopakwa rangi» kwa Kiswahili haitamkumbusha mtu yeyote chochote, na itampotosha fundi, maana atauliza ameipaka nani, na kama inaweza kusuguliwa kwa maji.

Lipo pia neno ambalo limeingia bila kupitia kamati yoyote. Baadhi ya simu, zikiwekwa katika Kiswahili, picha ya nyuma ya skrini huiita «mandhari». Aliyelichagua alikuwa akitafuta tu neno la picha nzuri ya kutazama, lakini limeangukia karibu na wakati wa Dufour na Zuber, ambao bidhaa zao ziliitwa «paysages». Kwa simu linafaa. Kwa ukuta halitoshi, kwa kuwa karatasi nyingi za ukutani zina mistari na maua tu.

Pendekezo langu kwa wenzangu wa istilahi ni «karatasi ya ukutani» kwa bidhaa yenyewe, «jora» kwa kipimo chake, na «karatasi ya mandhari» kwa ile isiyojirudia. Sababu ya kwanza ni kwamba maneno hayo yanaeleweka bila maelezo. Sababu ya pili inatoka kwenye neno «karatasi». Tumelipata kutoka Kiarabu, «qirtas», nacho Kiarabu kililipata kutoka Kigiriki, «khartes». Kutoka neno hilohilo la Kigiriki, kwa kupitia Kilatini, Waitaliano walipata «carta», ile ya «carta da parati». «Papier» ya Wafaransa imetoka kwenye jina la mafunjo, mmea wa mito na mabwawa ya Afrika, unaoota hata kwenye mabwawa ya Upemba hapa Kongo. Kwa hiyo neno letu halihitaji kutafsiriwa kutoka Paris ili listahili kuingia kamusini. Lina ukoo wa zamani kama wao, na njia yake ya kutufikia ilikuwa nyingine.

Kabla ya kulikata neno la Kifaransa vipande, basi, tuulize kwanza lilipewa kitu gani, na nani, siku gani. Jibu likionyesha kumbukumbu tunayoishiriki, tulitafsiri. Lisipoonyesha, tuutazame ukuta wenyewe na kusema tunachokiona.